Njoo, Wala Si Njooni

Kazi yangu pale Thika ilikuwa kuita watu. Kiwanda ni cha sabuni, na kila asubuhi nilisimama langoni juu ya kreti, nikawaita vibarua waliotakiwa siku hiyo. Shule niliacha mapema, lakini sauti ninayo. Huko kwetu magharibi ng'ombe wa baba walinisikia ng'ambo ya mto, na wa majirani nao wakaja, ikawa ugomvi. Hayo tuyaache.

Madam wa ofisi ya wafanyakazi ndiye aliyeniambia niite akina nani. Nafasi ikiwa ya kupakia, naita wa kupakia, basi. Kisha kampuni ikajenga kiwanda kingine Ruiru, ikaleta kijana wa matangazo, mpole, viatu vyeupe hata msimu wa matope. Akaniita guka, kama babu yake, nikampenda. Lakini akasema kuita watu si kazi ya madam tena, ni yake.

"Mfanyakazi ni kama mteja," akasema, tukiwa watatu langoni. "Unamwita kabla hajajua anakutaka."

"Na wakija wote na sina nafasi, utawapeleka kwako wakalale?" madam akauliza.

"Waje tu. Wakirudi nyumbani wameshajua jina letu."

"Hiyo ni kuuza sabuni. Mtu si sabuni."

Nikacheka. Kijana akanigeukia. "Guka, hiyo sauti yako tunaichukua."

Wakaichukua kweli. Waliniweka kwenye chumba chenye magodoro ukutani, mbele ya kinasa sauti, nikasema nilivyozoea: njooni, nafasi ziko, tunawangoja. Kijana akakataa.

"Tangazo linaongea na mtu mmoja, guka. Sema njoo. Polepole, kama unaongea na mtu wako."

Nikasema: Njoo. Nafasi yako iko. Tunakungoja. Madam alikuwa amesimama mlangoni. Akajifunika shali yake vizuri, akaondoka.

Gari lenye spika likaanza kuzunguka Makongeni, Kiganjo, mpaka Ruiru. Mara ya kwanza kujisikia nilikuwa kwa kinyozi, Makongeni. Sauti yangu ikatokea nyuma ya nyumba, gari lenyewe halionekani. Kinyozi akazima mashine, akanishika bega.

"Mzee, si uko hapa?"

"Niko."

Hakuiwasha tena haraka. Nje watu walikuwa wamesimama, na kila mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa yeye, peke yake.

Mama yangu alitukataza tukiwa wadogo kuitikia sauti ambayo mwenyewe humwoni. Hakueleza kwa nini. Alikuwa na mengi asiyoeleza, kama kile kiti tulichokatazwa kukalia, tukaogopa miaka mingi, kumbe kilikuwa na mguu mbovu. Kwa hivyo hata hilo la sauti nilikuwa nimelichukulia kama la kiti.

Sasa, mama watoto. Tunaishi Kiganjo, wawili tu, watoto walishaenda na maisha yao. Akili yake ilikuwa imeanza kumtoroka kidogo kidogo. Chumvi kwenye chai. Kumngojea dada yake ambaye tulimzika. Lakini sauti yangu hakuipoteza. Hata siku ambayo sura yangu ilimchanganya, nikiongea alitulia.

Siku moja nikarudi, mlango wazi, sufuria inaungua. Jirani akasema amemwona mchana akitembea nyuma ya lile gari la spika, amevaa nguo ya kanisani. Tulimtafuta mpaka jua likashuka, ndipo mlinzi wa kiwanda cha Ruiru akapiga simu. Nikamkuta langoni, kwenye foleni ya watafuta kazi, katikati ya vijana, miguu imevimba.

"Umechelewa," akaniambia. "Uliniita, nikaja. Wamesema nafasi yangu bado."

Hiyo "bado" sikuipenda; nikamshika mkono, nikamtoa kwenye foleni.

Kesho yake nikamwomba kijana aiondoe sauti yangu, au angalau arudishe njooni. Akasikitika kabisa.

"Guka, mimi natangaza tu. Kuajiri ni mambo ya madam. Yeye ndiye aseme."

Nikaenda kwa madam.

"Mzee, si ulisikia mwenyewe? Kuita si kazi yangu. Siwezi kuzima kitu ambacho si changu."

"Basi ni cha nani?"

Akatazama dirishani. "Sijui. Hata mimi huisikia nikiwa nyumbani, na gari halifiki kwetu."

Ikabaki kumfunza mke wangu kama mama alivyotufunza. Tulikaa jikoni nikamwambia: ukinisikia na hunioni, usiitike, usiende. Akarudia kama aya ya kanisani. Gari likipita alishika meza kwa mikono miwili mpaka lipotee. Nikadhani nimeshinda.

Kisha jioni moja nikafika, mlango umefungwa kwa ndani.

"Mama watoto, ni mimi."

Namsikia akipumua upande wa pili, hafungui.

"Njoo ufungue," nikasema, na papo hapo nikajua nimekosea, maana neno lilitoka polepole, vile vile kijana alivyotaka.

"Pita na gari yako," akasema. "Mzee wangu anakuja sasa hivi."

Huko chini barabarani sauti yangu ilikuwa ikimwita mtu mwingine. Nilitaka kusema tena, nikaogopa. Ningesema nini ambacho ile isingesema? Nikapitisha mkono kwenye dirisha la kando ya mlango, chini ya pazia, huu wa kushoto, wenye kidole kilichokatwa na mashine ya sabuni kabla sijapewa kazi ya kuita. Nikangoja. Vidole vyake vikaja, baridi, vikapapasa kile kifupi mpaka mwisho wake. Komeo likafunguka.

Siku hizi majirani wa ploti wanasema nimekuwa na maringo, nafika kwangu bila kuwasalimu. Waseme. Mimi nikikaribia mlango nafunga mdomo, naenda dirishani, natoa mkono. Nikishaingia, akiniona, ndipo naongea.