Mkanda wa Siku ya Posa

Siku nyingi nazikumbuka kwa kichwa, mwanangu, lakini kuna moja naikumbuka kwa kifua. Jana nilikuona unajishika hapa, chini ya koo, baada ya kumaliza sahani ya chipsi na soda mbili, kisha ukajinyoosha kwenye kochi kama mtu aliyetoka kulima. Ukasema moyo unakuungua. Nikacheka, ukadhani nakucheka wewe. Kaa hapa nikueleze nilikuwa namcheka nani.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba na mbishi, ndiyo kwanza nimepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo pale Morogoro mjini. Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na kiberiti tu yalijaa mafuta ya kupikia, sabuni za kunukia na soda za kila rangi, na mitumba ilimwagwa sokoni mpaka mtu anachoka kuchagua. Sisi tuliokulia kwenye foleni tulikula na kunywa kana kwamba vitu vile vitaondolewa kesho yake. Mimi nikaingia kwenye biashara ya mananasi. Napanda Kinole, kijiji cha mlimani, naonja shamba kwa shamba, nateremsha mzigo mjini. Kuonja ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: vipande kumi, kumi na tano, tumboni hamna kitu, halafu juu yake chai ya rangi iliyokolea.

Kifua kikaanza kuwaka. Nikiinama kufunga gunia, maji machungu yananipanda mpaka kooni. Na kama unavyotujua sisi, ukiumwa kila mtu anakuwa daktari. Mmoja akaniambia ninyonye ndimu, mwingine peremende, wa tatu akaapa kwamba soda baridi inasukuma gesi. Nikazifuata dawa zote tatu kwa pamoja, moto ukazidi. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba nimerogwa na wafanyabiashara wenzangu. Hilo nililipenda, maana lilinifanya nijione tajiri. Hakuna aliyeniuliza ninakula nini, na mimi sikujiuliza.

Basi kule Kinole kulikuwa na binti aliyekuwa akinimenyea mananasi ya kuonja, jina lake Zuhura. Ndiyo, bibi yako huyu. Asubuhi moja akaniuliza mbona kila nikija najishika kifua. Nikamwambia, "Moyo unaniungua." Nilimaanisha hivyohivyo nilivyosema. Yeye akainamisha uso, akatabasamu, akaendelea kumenya. Ningeweza kumsahihisha. Sikumsahihisha. Kumpenda nilimpenda, tena sana, ila sikuwa na ujasiri wa kusema, na sasa kiungulia kilikuwa kimenisemea.

Nikatafuta mshenga. Mzee Shomari, tuliyekuwa naye kiwandani, akakubali, kisha akanieleza jambo ambalo mimi Mrangi wa Kondoa sikulijua: kwa Waluguru, kabila la Zuhura, mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni mjomba wake. Mjomba wa Zuhura aliitwa Mzee Kibwana, na sifa yake ilikuwa moja, kwamba hasemi sana. Alikuwa ameshawarudisha wachumba wawili. Nikaambiwa mmoja wao alirudishwa kwa kuongea na kijiti mdomoni.

Siku ya posa nikavaa nilivyoona vijana wa mjini wanavaa. Suruali ya mtumba, nzuri kweli, ila aliyeivaa kabla yangu huko Ulaya alikuwa hajamaliza shule. Juu yake mkanda mpana wenye bizimu la kung'aa, nimeukaza mpaka tundu la mwisho, kisha nikaongeza tundu jingine kwa msumari. Njiani nikanywa chai kwa chapati mbili, nikashushia na soda, nikanyonya peremende ili nisije nikanuka chai mbele za wakwe. Mzee Shomari akaniangalia nilivyokuwa napumua, akauliza kama niko salama. Nikamwambia ni mlima.

Tukapokelewa vizuri. Tukaamkia, tukakalishwa mkekani, na chakula kikaletwa: wali wa nazi, kuku, ndizi, mashelisheli ya kukaanga, mchuzi wenye pilipili manga iliyotoka shambani kwao. Kila nikiacha kula, Mzee Shomari ananikanyaga mguu, maana mchumba asiyekula anadharau mapishi. Nikala. Nikaongezewa, nikala. Yakaja mananasi, na nyuma ya pazia nikasikia wanawake wakisema kwamba haya yamemenywa na Zuhura mwenyewe. Ningefanya nini? Nikayamaliza.

Mshenga akatoa maneno yake, marefu na mazuri. Mzee Kibwana akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi, jambo ambalo hatukulitegemea.

"Na wewe mwenyewe, kijana. Unamtaka mtoto wetu?"

Nikafungua mdomo. Mwanangu, yale maji yalipanda siku ile kama yaliyokuwa yameitwa kwa jina. Koo likaungua, macho yakatoka machozi, uso ukajikunja, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukapunga hewani kama mtu anayekataa. Mzee Shomari akafumba macho. Mimi nikaona wazi kwamba Zuhura ananipotea, na sina hata sauti ya kujitetea.

Mzee Kibwana akaweka kikombe chini. Akanitazama usoni, akashuka mpaka kiunoni, akabaki hapo.

"Legeza mkanda," akasema. "Miaka yote ile ya shida tuliambiwa tufunge mikanda, tukafunga. Leo ruksa imefika mpaka huku mlimani, wewe unajifunga mwenyewe."

Nikalegeza. Kifungo cha suruali kilikuwa kimesubiri nafasi hiyo tangu asubuhi; kikaruka, kikaanguka kwenye bakuli la mchuzi. Halafu nikacheua, na sitakueleza ilivyosikika. Pazia zima likacheka. Nilipopata pumzi nikasema, "Namtaka, mzee."

Ingeishia hapo, ingekuwa heri. Lakini Mzee Kibwana akauliza ugonjwa huu umeanza lini, na Mzee Shomari, kwa nia ya kuniokoa, akajibu kwamba si ugonjwa, ni mapenzi, kwani nilishamwambia binti mwenyewe kwamba moyo unaniungua. Kicheko cha nyuma ya pazia kikakatika. Kisha sauti ya Zuhura ikasikika, imetulia kabisa.

"Mjomba, naomba apone kwanza. Akipona na bado ananitaka, nitajua ni mimi."

Nikatamani mkeka unimeze. Mzee Kibwana akakubali, akanipa mwezi mmoja. Lakini hakunifukuza. Alinishika mkono, akanipeleka chumbani kwake akanionyesha kitanda. Miguu ya upande wa kichwani ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, kitanda kizima kimeinama kama shamba la Kinole. Akaniambia kwamba na yeye kiungulia kilimtesa miaka, na kwamba mlima ulimfundisha: maji hayapandi, yanashuka, ukiyawekea mteremko. Akanikataza kuonja mananasi kabla ya kula, na kulala na shibe. Akaniambia niende hospitali badala ya kusikiliza majirani.

Nikaenda. Daktari akanieleza kwamba tumbo lina tindikali yake ya kusaga chakula, na mlango wake wa juu ukilegea, au tumbo likibanwa kwa shibe na mkanda, tindikali inapanda na kuunguza koo. Akanipa vidonge, akasema peremende na ndimu nilizokuwa nazitumia kama dawa zilikuwa zinanichochea. Nikaweka matofali kitandani. Nikala jioni mapema, tena kidogo. Soda nikaiaga kwa uchungu. Mananasi nikamwajiri mtu anionjee.

Mwezi ulipoisha nikapanda tena Kinole, nimevaa kanzu, bila mkanda wa aina yoyote. Mzee Kibwana akauliza lilelile swali. Nikajibu kwamba kifua kimepoa, usiku nalala, na bado namtaka, hata zaidi, maana sasa hakuna kinachonisemea. Akageukia pazia. Zuhura akatoka na maji ya kunawa, na mjomba akaniita mkwe.

Tangu siku ile, kila nikijishika kifua bibi yako huniuliza, "Leo ni mimi, au ni nanasi?" Nami humjibu kwa ukweli, kwani wote wawili wamewahi kuwa sababu. Lakini mwaka juzi aliuliza nikashindwa kujibu. Jasho lilikuwa linanitoka, kifua kimebanwa, mkono wa kushoto mzito. Nikataka kusema ni kiungulia tu. Hakunisubiri. Alinipeleka hospitali nikiwa na kandambili za rangi mbili, na huko wakasema safari hii ulikuwa moyo kweli, na kwamba tungechelewa kidogo tu, leo usingekuwa na mtu wa kukuchosha na hadithi.

Kwa hiyo nisikilize. Kula kidogo, na uache nafasi. Ukishakula kaa, tembea, ongea na watu, yapite masaa mawili matatu ndipo ulale, na kichwa kiwe juu kuliko tumbo. Chunguza chakula kinachokuchoma, maana cha kwako huenda si cha kwangu. Nguo isikubane. Kiungulia kikirudi kila wiki, au ukimeza kwa shida, au unakonda bila sababu, au ukitapika damu, mwone daktari, usimwone jirani. Na kifua kikibana kwa jasho na uzito wa mkono, usikipe jina lolote, kimbia hospitali. Hayo ni ya tumbo. La moyo ni moja: ukimpenda mtu mwambie mwenyewe, usikiachie kiungulia kazi hiyo.

Mungu akupe riziki, mwanangu, na akupe tumbo la kuituliza. Akupe usingizi usiopanda kooni, na mtu wa kukuuliza kila ukijishika kifua, asiyesubiri jibu lako siku utakaposhindwa kulitoa. Sasa inuka kwenye hilo kochi, bibi yako anamenya nanasi. Kipande kimoja tu.