Gari la Bosi Lilivyopakwa Mafuta Tottenham

Nianze kwa kukiri ili tusisumbuane: mimi ndiye yule mtu ambaye gari la mwajiri wake liliombewa na kanisa zima, likapakwa mafuta ya zeituni kuanzia boneti mpaka usukani, mbele ya mwajiri mwenyewe. Baadhi yenu mmeshaisikia habari hii ikiwa imetiwa chumvi (sikupiga magoti, na wala sikulia, macho yaliwasha tu kwa sababu ya mafuta), kwa hiyo naisimulia mwenyewe, maana nimeambiwa aibu ukiitangaza mwenyewe inapungua. Mpaka sasa haijapungua.

Kazi yangu ilikuwa kuuza magari. Leo naisema kirahisi, lakini siku ya kwanza nilipofika kanisani kwetu Tottenham, hapa London, Mama Upendo akaniuliza, "Unafanya kazi gani, baba?" nikaona neno muuzaji halinitoshi (mimi nimesomeshwa kwa kahawa ya babu, na mzee hakuchuma kahawa miaka yote ile ili mjukuu akasimame mlangoni mwa duka la magari akigawa kalamu za bure), nikamjibu, "Mimi ni mchambuzi wa soko la magari." Mama Upendo ni nesi, anaheshimu vyeo, akawaambia wenzake, na kufikia chai ya baada ya ibada nilikuwa tayari mtaalamu.

Sasa mtaalamu huulizwa. Kila Jumapili mtu ananishika kiwiko: eti tununue jipya au lililotumika, dizeli ndiyo inakufa hivyo, na hili la umeme linamfaa mtu anayekaa ghorofa ya nne asiye na pa kuchajia? Na mimi, badala ya kutoa kadi ya duka kama mtu mwenye akili timamu, nauma midomo, naangalia mbali, nasema, "Soko halijatulia. Mapya yananunuliwa zaidi na makampuni, watu binafsi wanasita. Viwanda vinabanwa viuze ya umeme, kwa hiyo bei zitashuka tu. Subirini." Haukuwa uchambuzi mbaya, nilikuwa nimeusoma kwenye taarifa ya kazini nikila sandwichi. Watu wakanishukuru, wakasubiri.

Jumatatu nikienda kazini, bosi wangu Bwana Ramesh, Mhindi wa Kenton aliyezaliwa Mwanza na anayejua Kiswahili kunizidi, ananiuliza mbona miezi inakwenda sijauza hata gari moja la umeme kwa mtu binafsi. Namwambia watu binafsi wanasita. "Na watu wako wa kanisani je?" Namwambia, "Wale ndio wanasita kabisa, bosi." Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi sita, na tulikubaliana kwamba nisipouza hata moja la namna hiyo kufikia mwisho wa Machi, mwezi ambao namba mpya za usajili wa magari zinatoka na hata mvivu anauza, basi tuagane kwa amani. (Hilo la mvivu halikuwa kwenye mkataba. Aliliongeza yeye.)

Jumamosi ya mwisho ya Machi akanipa funguo za demo, yaani gari la kujaribishia wateja, jeupe, la umeme, jipya linang'aa, akasema, "Lipeleke kanisani uwaonyeshe. Kesho na mimi nitapita." Nikajua ananitania, maana kutoka Kenton kuja Tottenham siku ya Jumapili si safari ya mtu mwenye shughuli zake.

Jumapili nikafika mapema, nimejipanga kabisa kuwaambia watu ukweli. Ile naegesha tu, Mama Upendo huyu hapa, mikono juu. "Hongera mwanangu! Umenunua!" Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana, lakini mchambuzi hana sababu ya kuzunguka na gari la duka, na nikilikana gari itabidi nieleze kazi, na nikieleza kazi itabidi nieleze ile miezi yote ya kuangalia mbali. Nikayapima hayo yote nikiwa bado nimefunga mkanda, nikasema, "Asante, mama."

Nyinyi mliosali na Watanzania na Wakongo mnajua kilichofuata. Mchungaji Bahati, mtu wa Bukavu, akakatisha matangazo katikati. "Ndugu yetu iko na gari mupya, na sisi tunakaa tu? Gari mupya haitembei bila maombi. Twende inje!" Kanisa zima likatoka, kwaya mbele, na mafuta yakaletwa, si ile chupa ndogo ya madhabahuni, bali chupa ya lita nzima kutoka jikoni. Akamimina kwenye boneti. Akapaka vitasa. Akafungua mlango akapaka usukani, kisha ile skrini kubwa ya katikati (ambayo ikaanza kubadili lugha yenyewe mpaka ikafika Kinorwe), kisha akavigeukia viti kimoja kimoja, na mimi nikawa naangalia kitambaa kinavyoyanywa yale mafuta, naitikia amina.

Nikiwa kwenye amina ya tano au ya sita hivi nikamwona Bwana Ramesh. Alisimama nyuma ya kwaya, vipeperushi vya duka kwapani, amevua kofia kwa heshima.

"Bwana, hii gari umemupa mutumishi wako!" mchungaji akapaza sauti. "Nani atamunyanganya?"

"Ni mimi," akasema Bwana Ramesh kwa upole. "Kesho saa tatu asubuhi."

Kwaya ilinyamaza kwa zamu, besi wakawa wa mwisho. Bwana Ramesh akasalimia watu vizuri, akaomba radhi kwa kuingilia sala, akaeleza kwamba gari ni la duka lake na huyu kijana ni muuzaji wake. Mama Upendo akanigeukia. "Muuzaji? Si ulisema mchambuzi?" Nikaangalia mbali, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Lakini mama," bosi akamuuliza, "nyinyi mbona hamnunui magari?"

"Tutanunuaje na mtaalamu wetu ametuambia tusubiri? Mimi nasubiri tangu Novemba. Natoka zamu ya usiku napanda mabasi mawili na haya magoti yangu, nasubiri bei ishuke."

Bwana Ramesh akaniangalia. "Wanasita," akasema, basi.

Mengine yote ningeyacheka, lakini hayo mabasi mawili yaliniuma na yananiuma mpaka leo. Mama Upendo akalizunguka gari, akalibonyeza tairi kwa kidole cha mguu, akauliza, "Hili hili linauzwa?" Bosi akasema linauzwa, tena atampunguzia kwa sababu ya mafuta. "Usinipunguzie kwa sababu ya mafuta," akajibu, "hayo ndiyo yaliyonifanya nilitake. Limeshaombewa." Wakakubaliana palepale juu ya boneti. Gari moja la umeme, mtu binafsi, kabla Machi haijaisha, na kwenye karatasi jina la muuzaji likaandikwa Ramesh.

Tuliagana kwa amani, kama tulivyopatana. Siku hizi niko kwenye ghala huko Walthamstow, na nimeapa sitajiongezea cheo tena hata cha kusimamia viti vya harusi. Mama Upendo alinisamehe kabla sijajisamehe, na baada ya ibada hunipa lifti mpaka kituo cha treni, mimi nikikaa juu ya mfuko wa taka maana kiti bado kinatoa mafuta.

Jumapili iliyopita mgeni mmoja akanishika kiwiko pale nje, akaniuliza kama anunue gari sasa au asubiri. Nikamwambia sijui. Akaniuliza, kwani wewe unafanya kazi gani? Nikamwambia napanga maboksi. Akasema asante, akaenda kumuuliza mtu mwingine.