Mama Nobert wa Soko la Bwera

Tulipomaliza kumzika Nobert, soko zima lilianza kumwibia mama yake jina. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Rusi alikuwa Mama Nobert tangu ujana. Kisha lori likamgonga kijana wake kwenye barabara ya Fort Portal, alikokuwa akitafuta kazi upande wa Hima. Matanga yalipoisha, Rusi alirudi kuuza unga wa muhogo hapa Bwera, meza ya pili kutoka yangu, akakuta amebatizwa upya. Kila mtu alimwita Mama Shallon, kwa jina la binti aliyebaki. Ati ni huruma, wasimtoneshe kidonda. Huruma gani hiyo ya kumfuta mtoto wa mtu?

Rusi hakubishana. Ukimwita Mama Shallon, aliendelea kuchekecha unga kana kwamba hakusikia. Alikonda, hakusuka nywele, na chakula alikirudisha nusu. Wanawake wa kanisani walikuja kumwambia amshukuru Mungu kwa aliyebaki, na maneno hayo yalimchoma kuliko yote. Niliwaambia waende wakawaombee waume zao.

Asubuhi moja Benoît, mteja wake kutoka ng'ambo ya mpaka, alisimama na gunia lake.

"Mama Shallon, bunga iko?"

"Mama Shallon haiko hapa," Rusi alisema bila kuinua kichwa. "Huyo mutu simujui."

Shallon alikuwa nyuma yake. Ni fundi cherehani, hushona kwenye baraza la jirani, na alikuwa amemletea mama yake chai. Aliweka kikombe mezani taratibu.

"Mama, nikufe na mimi ndiyo uitikie jina yangu?"

Rusi alimtazama kama mtu aliyesahau kuwa alimzaa, na nadhani kweli alikuwa amesahau. Tangu mazishi hakuwahi kumuuliza kama naye analia. Nobert alikuwa kaka yake.

Basi Rusi alilia palepale, kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana tangu makaburini. Alipojifuta uso, unga ulibaki shavuni. Akamgeukia Benoît, lakini alikuwa anatuambia sote.

"Batoto yangu beko wawili. Moja iko kwa kaburi, moja iko hapa. Mukiniita, muite bote. Ukishindwa, enda uuziwe kwingine."

Siku hizi ni Mama Nobert na Shallon, na asiyetamka yote hajibiwi. Hajapona, zipo siku anapima unga machozi yakimtoka. Lakini jioni humpitia binti yake barazani, kisha huenda nyumbani pamoja. Wateja wenye ulimi mvivu wamehamia kwangu. Ninawauzia, ndiyo, ila konzi ya unga ya nyongeza hawaipati.