Hodi ya Baiskeli

Niliporudi Pemba kutoka skuli Unguja nilikuja na kanzu mbili na kanuni moja: nguvu haipotei, hubadilika sura tu. Kanzu zilichakaa upesi. Kanuni niliendelea kuitumia vibaya.

Mwaka ule mjomba alikuwa amenipelekea posa njia ya Pujini. Baba wa msichana hakukubali wala hakukataa. Alitaka niende mwenyewe baada ya alasiri, anione. Nikaazima baiskeli ya mjomba.

"Breki haishiki," akanionya.

"Afadhali. Breki hula mwendo ikaugeuza joto la bure. Mimi nitateremka mlima mmoja, na mwendo ule ule utanipandisha wa pili. Sikanyagi, sitoki jasho, nafika na kanzu kavu."

"Na kusimama je?"

"Nyumba yao iko juu, mjomba. Mwendo wote utaishia kwenye kupanda. Nitasimama mlangoni kwao."

Alinitazama kwa huruma, ambayo wakati ule niliidhani ni wivu.

Hesabu yangu ilikuwa na kosa moja. Vilima vyetu nilivipanda kwa miguu tangu utotoni, vikanichosha sawasawa, nikaamini vina urefu sawa. Kilima chao kilikuwa kifupi kuliko kile nilichoteremka. Nilifika juu na mwendo wa ziada, na mbele yangu uwanja mzima umetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa.

Nikafanya nilivyolelewa.

"Hodi! Hodi wenyewe! Hodiii!"

Adabu ni hodi tatu, usipojibiwa unarudi. Baiskeli haikufundishwa adabu. Kwa bahati bibi mmoja ndani, bila hata kuchungulia, akaitikia kwa mazoea: "Karibu, mwanangu, pita!"

Nikapita. Majamvi matatu. Mwendo wangu ulijigawa kwa haki: mwingi ulirusha karafuu mpaka kwenye makuti ya paa, kiasi kikaingia gotini mwangu, na uliobaki ukawa unazungusha gurudumu la nyuma hewani, taratibu, kama linanicheka.

Baba wa msichana akatoka, tasbihi mkononi.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia umesoma."

"Kidogo."

"Okota."

Niliokota kwa magoti mpaka maghribi ikakaribia. Jasho lote nililojiwekea akiba njiani lilitoka hapo, na kanzu ikanigandama mgongoni. Nyuma ya dirisha kulikuwa na kicheko kimoja chembamba. Nilikipenda, nikaokota kwa bidii zaidi.

Nilipomaliza, mzee alinipa maji kwa mkono wake. Nikajua nimekubaliwa.

"Kijana, wewe si mbaya," akasema. "Na kazi unaiweza. Lakini binti yangu simpi mtu asiyejua kusimama."

Nikaisukuma baiskeli hadi kwa mjomba, vilima vyote, kwa miguu.

Tangu hapo nimekaa Tanga, Mombasa, Lamu, na sasa nina mvi. Kila mji napiga hodi, na watu ni wakarimu, huniambia karibu, pita. Nami hupita.