Magadi Kidevuni

Hasira yangu ina mahali pake mwilini. Iko chini ya mdomo, upande wa kushoto wa kidevu, pale ngozi ilipobaki laini na kung'aa kuliko sehemu nyingine za uso. Nikiandika na sentensi ikikataa kuja, kidole huenda hapo chenyewe.

Ndevu zilianza kuniota nikiwa msichana wa darasa la nane, mwishoni mwa miaka ya tisini, tukiwa tumepanga Kitengela. Baba alichonga mawe machimboni na mama alishona nguo sokoni. Mwanzoni zilikuwa nywele chache tu, nyeusi na ngumu. Kufika kidato cha pili zilikuwa zimeshuka hadi shingoni. Jumamosi, nikiwa nyumbani, tukishamaliza kufua, mama alinikalisha nyuma ya nyumba, akachovya vidole kwenye jivu la jikoni ili visiteleze, akazing'oa moja moja, kwa utulivu ule ule wa kuchagua mchele. Wembe alinikataza. "Ukinyoa zinarudi kama za babako," alisema. Mbele za watu hakuzitaja kabisa.

Watu walizitaja. Mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, ambaye kichwa chake mwenyewe kilinyolewa kikang'aa, aliniinua kidevu kwa kidole kimoja. "Sopa, mama," alimsalimia mama yangu. "Huyu unamlisha nini? Hata morani wangu hana hizi." Katika shule ya bweni huko Kajiado, wasichana walinipisha kwenye foleni ya uji. "Shikamoo, mzee. Tangulia, mzee. Wazee wasisimame." Mwenye nyumba wetu, mama mfanyabiashara kutoka upande wa Kiambu, alisema mwanamke mwenye ndevu ni tajiri wa kesho na kwamba nisithubutu kuzigusa. Kisha wageni wa kanisa walipomtembelea, aliniomba nipitie mlango wa nyuma. Mpaka leo sijamsamehe. Wale wasichana wa foleni angalau walikuwa na msimamo mmoja.

Dada yangu alinitangulia kidogo kuzaliwa. Tulikuwa na kimo kimoja, mabega mamoja, mwendo mmoja. Tukimpa mama mgongo, alituita kwa kubahatisha. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza, nami nimeshamaliza shule, alipochumbiwa na kijana Mkikuyu ambaye wazazi wake walikuwa wamenunua shamba upande wa Isinya. Siku ya kuleta mbuzi ilipopangwa, wakwe waliomba kitu kimoja. Kwao, na siku hizi hata kwetu Wakamba, bibi harusi hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni pamoja na wasichana wengine wanaolingana naye, wakapangwa mstari. Bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Akimfunua mwingine analipa faini na watu wanacheka.

Nafasi yangu kwenye mstari huo niliijua kabla sijaambiwa. Nani mwingine angeweza kudhaniwa kuwa dada yangu? Sikutaka nguo mpya wala zawadi. Nilitaka kusimama kando yake siku hiyo, kabla hajaondoka kwetu.

Anti yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja Jumatano kutoka Machakos kusimamia mapishi. Hata kabla hajavua viatu alinitazama, akamgeukia mama.

"Na huyu?"

"Atakuwa kwenye mstari," mama akasema. "Wanafanana kwa kimo."

"Na usoni je? Akifunuliwa wale watu watasema nini? Watasema hiyo ni damu. Watajiuliza kama wajukuu wao pia watakuja hivyo."

"Nitazitoa na jivu."

"Jivu." Anti alicheka. "Umetoa na jivu miaka yote hii, na bado iko na ndevu kuliko kaka yangu."

Aliongea juu yangu nikiwa nimesimama pale, nimebeba sinia la chai yake.

Siku iliyofuata aliniita jikoni. Kwenye kinu alikuwa ametwanga magadi, yale mawe ya chumvi yanayotoka ziwani humu humu Kajiado, ambayo kila mama wa kwetu hutia kidogo kwenye sufuria ya isyo ili mahindi na maharagwe yaive haraka. Alikuwa ameyachanganya na jivu na maji kidogo, yakawa uji mzito wa kijivu. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na hakuna mtu jikoni aliyeipinga.

"Hii inalainisha mahindi ya mwaka jana," alisema. "Nywele ni nini?"

Alinipaka kidevu chote, akakifunika na kipande cha nailoni, akakifunga kwa kitambaa hadi utosini. Nikaanza kuwashwa, halafu moto ukaingia. Nilimwambia. Alikuwa akimenya vitunguu.

"Vumilia. Ukisikia moto ujue inashika mizizi."

Nilimtazama mama. Mama alitazama vitunguu.

Katika nyumba ile mtu akivimba mguu alipelekwa hospitali. Akikohoa wiki nzima alipelekwa hospitali. Ng'ombe wa jirani aliitiwa daktari. Lakini kidevu changu kilikuwa kimeachiwa vitu vya jikoni tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini msichana anaota ndevu, kana kwamba jibu lingekuwa aibu zaidi kuliko ndevu zenyewe. Nilivumilia. Nilikuwa nimeambiwa kuwa Jumamosi nitasimama na dada yangu, na kwa hilo ningevumilia hata mafuta ya moto.

Kitambaa kilipofunguliwa, ngozi ilitoka nayo upande wa kushoto. Ndevu zilikuwa palepale, zimesimama kwenye kidonda.

Jumamosi asubuhi dada yangu aliingia chumbani tayari amesukwa, amependeza mpaka nikasahau maumivu. Aliniangalia usoni, halafu akaangalia pembeni.

"Anti anasema ukae tu jikoni," alisema. "Ni leo tu. Tafadhali."

Nilikaa jikoni. Nilisikia magari yakifika, wimbo langoni, mbuzi wakilia. Kisha mama akaja mbio na leso mkononi. Wakwe walikuwa wamelalamika kwamba wasichana ni wafupi mno, hata kipofu angemtambua bibi harusi.

"Njoo," akasema. "Lakini ukishafunikwa usifunuliwe. Anti atakuwa hapo. Bwana harusi akikupita, rudi huku hivyo hivyo."

Ndani ya leso kulikuwa na joto na harufu ya dawa ya nondo. Bega la dada yangu liligusa bega langu, nami nikafikiri labda inatosha. Bwana harusi alianza upande wa pili. Alimfunua msichana wa jirani, watu wakacheka, faini ikatajwa. Akafunua mwingine. Vigelegele. Akaja mbele yangu. Niliona viatu vyake vikisimama.

"Huyo siye," Anti akasema upesi. "Pita."

Kicheko kikakatika. Mtu kutoka upande wa wageni akauliza, "Mbona anasaidiwa? Huyo yuko na nini?"

Yuko na nini. Nilijivua leso mwenyewe.

Niliona nyuso nyingi, zote zikitafuta mahali pa kutazama. Mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe, aliinuka kwenye kiti akanikaribia kabisa.

"Nani amekuchoma, mtoto wangu?"

"Ni uji ulimrukia," Anti akajibu.

"Ni magadi," nikasema. "Walinipaka magadi ndio mkiniona msiogope."

Yule mama alimgeukia Anti. "Magadi? Kwani mlikuwa mnapika nani?" Hakuna aliyecheka. Alimtuma binti yake garini alete mafuta ya mgando, akanipaka yeye mwenyewe, polepole, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kisha akamwambia mwanawe aendelee kumtafuta mkewe. Kijana akamfunua dada yangu. Vigelegele vikarudi, chakula kikaletwa, mbuzi wakapokelewa. Zile ndevu zilizokuwa zivunje ndoa hazikuvunja hata sahani.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, nilimkuta dada yangu mferejini akisuuza vikombe. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha.

"Ungerudi tu jikoni," alisema. "Ni kitu kidogo walikuomba."

"Nilitaka kusimama na wewe."

"Si ulisimama." Alimwaga maji machafu miguuni pangu, sijui kama alikusudia. "Na kila mtu akakuangalia wewe."

Nilingoja aniulize kama bado inauma. Alifungua mfereji akajaza beseni upya. Nikaweka kitambaa juu ya vikombe vyenye maji nikaondoka, na karibu vyote alivikausha mwenyewe.