Kupumzisha Sauti kwa Kunong'ona

Wanafunzi wa chuo cha muziki walimwita Mama Mrija, naye alijua, wala hakujali. Kazi yake ilikuwa kutibu sauti zilizochoka, na dawa yake kuu ni mrija wa soda na glasi ya maji: unapuliza huku unaguna, mapovu yanachemka, koo linalegea. Wazazi waliokuja mara ya kwanza walidhani wametapeliwa. Haya, cheka na wewe, lakini wengi walitoka pale wakiimba.

Binti wa seremala ndiye aliyemtoa jasho. Daktari wa koo aliona vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti yake, akampa wiki sita: visipopungua, atapasuliwa, na mwaka wake wa mwisho chuoni ndiyo basi tena. Wiki tatu zikayoyoma, mrija asubuhi, mrija jioni, sauti bado inakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mama Mrija chakula kikawa hakipandi. Aliwahi kushindwa kumponya mwanafunzi mmoja, ambaye aliacha kuimba kabisa, na hilo halikumtoka moyoni.

Siku moja akamkuta binti nje ya mlango wake, kwenye benchi, anapiga soga na shoga yake. Umbea wa kunong'ona, kicheko cha kunong'ona, mfululizo, bila hata kumeza mate.

"We mtoto! Unafanya nini?"

"Napumzisha sauti, mama," binti akanong'ona, tena kwa fahari. "Tangu uniambie nisiongee, nanong'ona tu. Kutwa nzima. Hata nyumbani."

"Mungu wangu!" Mama Mrija akajibwaga kwenye benchi. "Kunong'ona hivyo ni kulikaba koo, mwanangu! Wewe unazichosha nyuzi kutwa, mimi huku nahangaika na mapovu!"

Alijikasirikia mwenyewe zaidi. Miaka kumi na tisa kazini, alisema "usiongee" akadhani inatosha!

Akampa daftari na kalamu. Siku saba za kimya cha kweli. Ukitaka chumvi mezani, andika. Baadaye maneno machache, mbele ya Mama Mrija tu, kwa sauti ya kawaida, bila kujikamua. Shoga alilalamika kwamba umbea wa kuandika hauna ladha, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Wiki ya sita daktari akaingiza kamera, akatazama, akatazama tena. Kinundu kimoja kimeisha, cha pili kimebaki alama tu.

"Hapasuliwi mtu hapa," akasema.

Mama Mrija alishusha pumzi mpaka daktari akageuka kumwangalia. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Binti akaomba simu ampigie baba yake. Mzee wa watu alikuwa hajaisikia sauti ya mwanawe zaidi ya mwezi.

"Baba, ni mimi. Sipasuliwi."

Upande wa pili mashine za kuranda mbao zilikuwa zinanguruma. Kisha wote mle chumbani wakamsikia mzee akiwafokea mafundi wenzake:

"Zimeni mashine! Zimeni zote, mwanangu anaongea!"