Msuko wa Kalunde Ulioachwa Wazi

Kalunde amesuka viondo, vikapu vya mkonge, miaka arobaini pale Kilungu, na hakuna mnunuzi aliyewahi kumrudishia hata kimoja. Kwa hiyo Liesbeth, msanii kutoka Ubelgiji, alipomwomba asuke kipande cha mkonge kikubwa kama mlango, kisha katikati aache bila kusuka, Kalunde alidhani Kiswahili kimempiga chenga mgeni.

"Unataka kiwe na tundu?"

"Si tundu, Mama. Ni nafasi."

Liesbeth alimweleza kwamba aliishi Japani miaka sita, akijifunza kutengeneza karatasi kwa mkono kwa mzee mmoja aliyemfundisha kuheshimu mahali patupu. Tangu hapo kazi zake zote, za video, sauti na nyuzi, huwa na sehemu isiyo na kitu. Hapo katikati, ukutani nyuma ya msuko, angemulika picha kwa projekta.

Kalunde akakubali na kusuka alivyoagizwa. Lakini Wavinya, mwenzake wa kikundi cha akina mama kanisani, alipokiona alicheka. "Umeishiwa na uzi ama ni macho?"

Neno hilo lilimkaa rohoni. Liesbeth alikuwa ameenda Kyuso kurekodi sauti za soko la mbuzi. Kwa siku nne Kalunde aliiziba nafasi yote kwa nyuzi za rangi ya udongo, kazi safi kabisa.

Liesbeth aliporudi alikitazama kwa muda mrefu. "Ni kizuri," alisema. "Nitakichukua hivyo."

Afadhali angefoka. Kalunde hakujua aangalie wapi. Ndipo Liesbeth akampa visikizio asikilize sauti aliyoirekodi siku alipompiga video akisuka. Kalunde alisikia uzi ukisokotwa pajani, ukivutwa, kisha kimya, kisha uzi tena.

"Hapa mbona hakuna kitu?"

"Hapo ulisimama ukaangalia kazi. Kila baada ya mistari michache unasimama. Ningeweza kukikata kimya hicho, lakini sikukikata."

Miaka yote hiyo Kalunde hakujua kwamba husimama. Aliomba kusikiliza tena, mpaka mwisho. Kisha akaenda kuchukua wembe.

"Mama, usiharibu!"

"Nimekisuka mimi, nitakifumua mimi."

Kufumua kulimchukua siku mbili. Kingo za nafasi alizifunga kwa nguvu, mtu asije akasema msuko umeraruka. Wavinya alipopita akauliza imekuwaje, alijibiwa neno moja tu: "Nimeacha."

Mwezi wa tano picha zilifika kwenye simu. Katika ukumbi wa Ubelgiji, vidole vya Kalunde vilionekana vikisuka ndani ya nafasi ile, vinene kuliko mkono wa mtu mzima, na chini yake kulikuwa na majina mawili, la Kalunde na la Liesbeth.

Mwaka uliofuata Liesbeth alirudi kuomba vipande vitatu vingine.

"Nitasuka," Kalunde alimwambia. "Lakini safari hii mahali pa kuacha nitachagua mimi. Pale katikati hapakunipendeza."

Liesbeth akatoa daftari, akaandika.